Tulivyompendezea Mgeni wa Tume

Mama mkwe wangu akishona huongea na cherehani. Haongei na mimi niliyekaa pale pale chini natia vifungo na kupinda mapindo. Anaongea na cherehani, tena kwa lugha ya kwao, ile ambayo kwenye safu yetu ya vyumba wanaoijua vizuri ni wazee tu. Nilipoolewa nilidhani ananisengenya. Nikamwendea mume wangu moto moto: "Mama yako kama ana neno na mimi aniambie usoni. Mdomo huu sikuuazima." Mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Anaisimulia habari za Kule," akasema. "Leo anaielekeza njia ya kwenda kwa shangazi yake." Nikaona aibu, nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Kule ndiko kwao. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe hawana haja ya jina jingine. Ni mlimani, msituni, walikozaliwa wao na waliowazaa, mpaka serikali ilipotangaza kwamba msitu ule ni hifadhi na wenyewe ni wavamizi. Ebo! Mtu anapavamiaje mahali kilipozikwa kitovu chake? Wakashushwa na malori, mume wangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono, wakagawiwa vyumba hivi vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja nyuma ya kiwanda cha mbao. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Kule juu ikazungushwa senyenge, likawekwa geti, na baadaye ikajengwa hoteli ya watalii wanaokuja kutazama ndege.

Mimi si wa Kule. Natoka kwenye lile kundi kubwa ambalo lugha yake iko redioni, shuleni na mahakamani, na kabla ya kuolewa sikuwahi kujua kwamba hiyo ni bahati. Mama alinipokea vizuri, akanifundisha kazi, akanipa na jina: Pilipili. Sina cha kujitetea. Yeye mwenyewe mtaa mzima unamwita Fundi, na sare za shule za watoto wote wa hapa zimepita chini ya sindano yake. Alikuwa hapimi mtu kwa futi. Anakutazama unavyoingia mlangoni, anachukua chaki, anachora, anakata.

Ndiyo maana siku aliponinyooshea sindano akasema, "Hebu nitungie uzi," nilishtuka. Akajichekesha: "Siku hizi wanatoboa matundu madogo, wabahili hawa." Nikacheka naye, roho ikiwa juu juu. Kesho yake shati la mteja likatoka na mikono miwili ya upande mmoja. Tukaenda hospitali, daktari akammulika, akasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki watajaribu kukichelewesha kwa matone.

Tulipofika kwenye kona ya kiwanda akasimama, akanishika mkono. "Pilipili," akasema, "nataka nikaone Kule kabla macho hayajafunga duka. Sitaki nyumba, sitaki fidia. Nataka nipaone kwa macho yangu haya haya."

"Utapaona, Mama," nikamjibu, kama vile funguo za geti ninazo mimi.

Na haki ya kupaona alikuwa nayo, hilo ndilo linaloniuma. Wazee wao walishapeleka kesi mbele ya Tume ya kimataifa, ile inayosikiliza malalamiko ya watu wachache ambao serikali zao haziwataki hata kuwasikia. Wakashinda! Tume ikaamua warudishwe. Siku hiyo safu nzima iliimba mpaka sauti zikakauka, na Mama akaifunga cherehani yake kwa kamba ili isiumie garini. Gari halikuja. Tume haina askari, haina malori, ina kalamu. Iliandika, serikali ikajibu kwamba imepokea. Ikakumbusha, serikali ikajibu kwamba inalifanyia kazi. Mama akafungua kamba, akaendelea kushona.

Basi baada ya ile habari ya hospitali, wakili wetu, mwanamke mmoja mwembamba asiyejua kuchoka, akatuletea neno. Tume inatuma mgeni aje aone tunavyoishi. Akiandika kwamba hali ni mbaya, Tume italishikia bango jambo letu, na geti litafunguliwa kwa wazee kwanza. Akiandika vinginevyo, tunarudi kwenye foleni. Alitueleza wazi, wote tukisikia. Mama akamwambia, "Aje tu, mwanangu. Atatukuta."

Sasa ngoja niwaambie ugonjwa wa hawa watu nilikoolewa. Watu wa Kule hawampokei mgeni kwa shida. Nyumba yao ikishika moto, mgeni atakaribishwa, atapewa kiti, ataulizwa habari za atokako, na akishamaliza chai ndipo ataombwa ajisogeze kidogo, kuna moto. Muulize mmoja wao hali akiwa na homa ya kufa mtu, atakwambia hajambo. Shida husemwa baada ya chai. Kabla ya chai ni kukosa adabu.

Mama akaenda kwenye duka la mapazia, akarudi na mzigo wa vipande vilivyobaki, kitambaa cha buluu chenye maua ya dhahabu. Akaanza kushona nguo za safu nzima. Nikamwambia, "Mama, macho hayo!" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kwani nayawekea akiba ya nini?" Alikuwa ameinamia sindano mpaka pua inakaribia kushonwa. Mimi nilikuwa natunga uzi, napinda, natia vifungo, na nanung'unika. Wanaume wakapata mashati, wanawake magauni, yaliyosalia yakawa vitambaa vya meza. Nilimwambia mume wangu kwamba tukisimama mstari mmoja, mgeni atauliza dirisha liko wapi.

Kuta zikapakwa chokaa. Viti vikaazimwa shuleni. Na kile chumba cha pembeni ambacho paa lake linavuja, ambamo bibi mmoja analala na beseni ubavuni, kikatiwa kufuli ili mgeni asisikitike. Hapo nikapandisha mori. "Jamani! Huyu mtu anakuja kuona shida! Mnamfichia nini?"

"Shida yangu nitamwambia kwa mdomo," akasema Mama. "Nyumba yangu aione safi."

Mgeni akaja. Sitamsingizia, alikuwa mtu mpole, mrefu, jasho linamtiririka. Lakini upande mmoja alikuwa na mkalimani, na upande wa pili alikuwa na Afisa Makazi, yule yule ambaye ofisi yake ndiyo iliyowashusha hawa watu na malori. Afisa viatu vinang'aa, mikono nyuma, anatabasamu kama ndiye aliyetuzaa. Mgeni akauliza kwa upole, "Mnaendeleaje hapa?" Safu nzima ikajibu kwa sauti moja, "Hatujambo, tunashukuru, karibu!" Akamgeukia Mama. Mama akasema, "Hatujambo. Karibu sana."

Nilimkanyaga mguu. Hakutikisika. Nilijua anachongoja: maneno yake alishayapanga, nimemsikia akiyarudiarudia kwa cherehani, na alikuwa anasubiri chai. Chai yenyewe ilikuwa jikoni, birika linaanza kuimba. Mgeni akagusa kola ya mzee mmoja, akasifu ushonaji, akachungulia vyumba viwili vyenye chokaa mbichi. Afisa akamwonyesha saa. Wakaaga. Mama akatoka jikoni alikokimbilia chai, birika mkononi, akawakuta wako garini. Nikakimbia mimi, nikagonga kioo, nikapiga kelele, "Hajasema bado! Mama hajasema!" Afisa akapandisha kioo huku ananipungia mkono. Nilirudi nimelowa machozi ya hasira, na Mama bado amesimama pale pale na birika lake.

Ripoti ilipokuja, mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea na hakuzoea kusoma mbele za watu, ndiye aliyetusomea. Jamii inaonekana imetulia. Makazi ni safi. Wakazi wanavaa vizuri na wanaeleza kuridhika. Hakuna sababu ya hatua za dharura. Watu wakatazamana, kila mmoja na pazia lake mwilini, maana zile nguo zilikuwa ndizo nzuri tulizo nazo. Mama akasema taratibu, "Kumbe tulipendeza."

Hakucheka. Na tangu siku hiyo akaacha kuongea na cherehani. Alishona kimya, mistari inaenda upande, wateja wanajifanya hawajaona. Mimi niliyekuwa nikikerwa na yale maongezi nikajikuta nayatamani mpaka kifua kinauma. Asubuhi moja nikamchokoza: "Mama, ile njia ya kwa shangazi, ukipita mtoni unakunja wapi?" Akasema, "Sijui tena kama ni kushoto." Akageuza uso. Alikuwa anapasahau, jamani. Macho yanafunga upande huu, na Kule kunafunga upande ule.

Nikaenda kwa wakili nikampa vidonge vyake, yeye na Tume yake. Aliniacha nikamaliza, akanipa maji, akasema, "Haya yote uliyoniambia mimi, waambieni wao." Akaandika, akapiga simu, akabembeleza, mpaka Tume ikakubali kumsikiliza Mama kwa njia ya skrini, kwenye ukumbi mmoja mjini.

Siku ya kwenda nikamtolea gauni lake la kazini, lenye mafuta ya cherehani. Akalipapasa, akanirudishia. "Lete la maua."

"Mama, si ndilo lililotuponza? Watu hawa wanaamini wanachokiona!"

"Kwa hiyo haki ni ya mwenye matambara tu? Nikiosha uso na shida nayo imeoshwa?" Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Kama hawawezi kuona gauni na mtu kwa pamoja, basi wenye ugonjwa wa macho ni wao. Wapelekewe matone."

Nikampigia pasi gauni la maua.

Ukumbini akauliza skrini iko upande gani, nikamgeuza bega. Mwenyekiti wa Tume, mzee mwenye sauti ya chini, akamkaribisha kupitia mkalimani. Mama akaomba azungumze kwa lugha yake. Wakanong'onezana kule, wakasema samahani, kwa lugha hiyo hawana mtu. "Basi nitasema kwa hii ya kuazima," akasema, "mnivumilie ikinipwaya."

Akanyoosha mgongo. "Gauni hili nimelishona mwenyewe, na ni zuri, najua. Nimevaa vizuri, na nataka kwetu. Yote mawili ni kweli. Mgeni wenu alikuwa mtu mwema, lakini alituuliza hali mbele ya yule aliyetutoa kwetu. Nimjibu nini? Akaondoka chai iko motoni. Mkimtuma mwingine, msimtangaze. Aje alale kwetu, mvua imkute. Atuulize tukiwa peke yetu. Na mimi aniulize kwa lugha yangu, maana uchungu huu sijawahi kuusema kwa lugha nyingine ukatoka wote. Akishaandika, asiondoke. Twende naye mpaka getini aone nani ananizuia, amuulize huyo sababu, asiniulize mimi. Nyinyi mkishaamua mnakwenda zenu, na tuliyemshinda anabaki na sisi hapa, na funguo anazo yeye."

Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Fanyeni haraka," akasema Mama. "Mwanga wa skrini yenu nauona. Wewe sikuoni."

Walichukua muda, mnajua tena ofisi za watu wengi. Walipotuma mtu, mimi ndiye niliyekuwa nimekalia cherehani, na Mama anatofautisha mchana na usiku tu. Alikuja mwanamke mmoja wa Tume na begi la mgongoni, akagonga mlango kama jirani aliyeishiwa chumvi. Lugha yetu ya kila siku alikuwa anaizungumza, kwa kuchechemea. Akaomba pa kulala, nikampeleka makusudi kwenye kile chumba cha pembeni, kwa bibi wa beseni. Mvua ikanyesha, Mungu si Athumani. Asubuhi akatoka amelowa nywele, akakaa, akanywa chai kikombe cha kwanza, akanywa na cha pili. Hapo ndipo Mama akafungua kinywa. Alisema kwa lugha yake asubuhi nzima, mume wangu akifasiri, akikwama, akifuta uso kwa mkono wa shati, akiendelea. Mimi jikoni niliacha sufuria ikaungua.

Ripoti yake haikuwa ya kupendeza. Serikali iliona haya mbele ya wenzake, ikasema mipango ya kurudi itaanza, na kwa sasa wazee wanaweza kuingia kutembea. Yule mwanamke hakutuma barua tu akakaa kwake. Alirudi, akasimama na sisi getini. Mlinzi alipoanza ngonjera zake za kibali cha nani, alijibiwa na yeye, si na sisi. Geti likafunguka. Nilidhani Mama atapiga vigelegele. Alivua viatu, basi, akaniambia nivibebe.

Tukapanda, mlinzi na yule mwanamke nyuma yetu. Mkono mmoja kanishika mimi, mwingine mwanawe. "Niambie unaona nini," akasema.

"Miti, Mama. Mikubwa."

"Miti gani?"

Sikujua. Mtoto wa mjini mimi, nitaijulia wapi? Nikaanza kumweleza gome lilivyo, jani lilivyo, sauti ikanikatika. Nilitamani nimpe macho yangu, walau kwa kuazimana, aone mwenyewe halafu anirudishie tukifika chini. Akanipigapiga mkono. "Acha, Pilipili, usilie. Miguu inapajua. Mbele kuna jiwe kubwa upande wa kulia. Ukifika pale unasikia maji kabla hujayaona. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka majini. Nikiyasikia, nitajua nimefika, macho hayana kazi tena."

Akaharakisha. Mimi na mume wangu tukawa tunamfuata yeye, si kumwongoza. Jiwe lilikuwepo, kulia, kama alivyosema. Akaliwekea kiganja, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ndege walikuwa wanalia. Majani yalikuwa yanacheza na upepo. Akasogea upande wa pili wa jiwe, akasikiliza tena, mdomo wazi. Nilimtazama mlinzi. Mlinzi akatazama chini, akaninong'oneza kwamba chemchemi ilishavutwa kwa mabomba kwenda hotelini, kwenye bwawa la kuogelea, na mkondo ulikauka zamani.

Mama akasema kitu kwa lugha yake, taratibu. Yule mwanamke wa Tume akasogea karibu na mume wangu. "Mama anasemaje?"

Mume wangu alimtazama mlinzi, akamtazama mgeni aliyetoka mbali kwa ajili yetu, viatu vimejaa matope. "Anasema anashukuru," akasema. "Anashukuru sana kufika."

Mwanamke akatabasamu, akasema karibu, ni furaha yake.

Mama akageuka, uso kuelekea zilipotoka sauti. "Sijashukuru mimi," akasema, kwa lugha tunayoisikia wote. "Wewe, mwanangu, usinifanye tena nipendeze. Nimeuliza maji yamekwenda wapi. Mwambie hivyo hivyo. Aandike tukiwa hapa hapa." Akapapasa jiwe, akakaa juu yake na gauni lake la maua, akakunja mikono kumsubiri mwanawe.

Mume wangu akaanza upya, na safari hii alisema yote.